Lusini: majani yaliyotembea dunia nzima ndani ya mifuko ya watu waliohama

Mama mmoja aliyehama kutoka teritwari ya Masisi alituuliza swali ambalo sikuweza kulijibu siku ile. Kwao alikuwa na ng'ombe wawili. Sasa anafuga dende kumi na mbili ndani ya sanduku la mbao, chini ya kitanda cha nyumba anayopanga. Alienda kwa muuzaji wa dawa za mifugo, akaonyeshwa mfuko wa vidonge vya kijani vyenye harufu ya majani makavu. Wauzaji wanaviita granule. Akaambiwa ni luzerne, chakula bora kabisa kwa dende, sungura, mbuzi na ng'ombe wa maziwa. Bei ikamshinda, akarudi nyumbani mikono mitupu.

Aliuliza hivi: hiyo luzerne ni majani gani, yanatoka wapi, na sisi wahami tunaweza kuyalima wenyewe?

Luzerne ni jina la Kifaransa. Ndugu zetu wa Kenya na Tanzania wanasema lusini, na Wamarekani wanasema alfalfa. Mmea ni mmoja tu. Ni wa jamii ya maharagi, una majani matatu matatu na maua ya zambarau. Ukiukata karibu na udongo unachipuka tena, na shamba lililotunzwa vizuri linaweza kukatwa mara nyingi kwa mwaka, kwa muda wa miaka mitatu, minne au zaidi, bila kupanda upya. Mizizi yake inashuka mita kadhaa chini, ndiyo maana kiangazi hakiushindi haraka. Kwenye mizizi hiyo kuna vinundu vyenye bakteria wanaochukua naitrojeni ya hewani na kuigeuza kuwa mbolea, sawa na vile maharagi yetu yanavyofanya. Ukikatwa kabla maua hayajafunguka yote, majani yake yakikauka yana protini karibu asilimia 17 mpaka 20. Kwa majani ya kawaida, hiyo ni nyingi sana.

Lakini mimi nilivutwa zaidi na safari yake.

Lusini ilitoka upande wa Irani ya leo, milima ya Kaukazi na nchi za Asia ya kati. Wataalamu wameipa jina la kisayansi Medicago, kutokana na Media, nchi ya zamani ya Irani. Mwandishi wa Roma aliyeitwa Pliny aliandika kwamba iliingia Ugiriki pamoja na vita vya mfalme Darius wa Uajemi, karibu miaka 2500 iliyopita. Jeshi la wakati ule lilitembea juu ya farasi, na farasi anakula kila siku. Hata jina alfalfa, ambalo Wahispania walilipata kwa Waarabu, linatokana na neno la zamani la Kiajemi lenye maana ya chakula cha farasi. Sisi huku tunajua vita vinavyokula ng'ombe wa watu. Vile vita vya zamani viliacha majani nyuma yake, na hilo ndilo jema la pekee ninaloliona ndani yake.

Upande wa mashariki, mfalme Wu wa China alimtuma mjumbe wake Zhang Qian kwenda magharibi. Alirudi mwaka wa 126 kabla ya Kristo na habari za farasi wazuri wa bonde la Fergana. Baadaye wajumbe wa China walileta mbegu za lusini kutoka kule, zikapandwa karibu na nyumba za mfalme. Walijua kwamba farasi bila majani yake hana faida.

Waarabu waliipeleka Hispania pamoja na ufundi wao wa kumwagilia mashamba. Katika karne ya 16 Wahispania wakavuka nayo bahari mpaka Mexico na Peru. Na huko Peru kuna jambo litakalomfurahisha mama yetu. Dende wake wanatoka kwenye milima ile ile. Watu wa Andes walikuwa wanafuga dende maelfu ya miaka kabla mzungu hajafika. Lusini ilipofika, dende waliipenda, na mpaka leo wafugaji wa Peru wanakata lusini mbichi asubuhi kuwalisha wanyama wao. Kwa hiyo muuzaji hakumdanganya: dende na lusini wamezoeana tangu zamani. Dende akasafiri mpaka kwetu Kivu, na tumeona wenyewe kwa nini amebaki. Ng'ombe anaonekana kutoka mbali na anaporwa. Dende anaingia ndani ya kikapu, na mama anakimbia naye. Lusini ndiyo haikusafiri naye.

Karibu mwaka wa 1850, wakati wa mbio za kutafuta dhahabu, mbegu za lusini zilitoka Chile kwa meli mpaka California. Zilistawi vizuri, kwa sababu California ni nchi ya joto. Wakulima wa Marekani ya kaskazini wakajaribu mbegu zile zile, wakapata hasara. Kaskazini kule kuna theluji, sawa na ile tunayoiona kwa mbali juu ya kilele cha Ruwenzori, lakini yao inalala shambani miezi mingi, na baridi inaweza kushuka mpaka digri 30 chini ya sifuri. Lusini ya joto ilikufa kila mwaka. Watu wakasema kwamba majani haya si ya huku.

Mtu aliyebadilisha mambo hakuwa mtaalamu. Alikuwa mhamiaji, jina lake Wendelin Grimm.

Grimm alizaliwa mwaka wa 1818 huko Külsheim, eneo la Baden, Ujerumani. Mwaka wa 1857 aliondoka na mke wake Julianna na watoto wao, wakavuka bahari, wakafika jimbo la Minnesota, karibu na mji mdogo wa Chaska. Ndani ya mizigo yake kulikuwa na kifuko cha mbegu kisichofika kilo 10. Kwao waliziita majani ya milele, kwa sababu ukipanda mara moja unavuna miaka mingi. Mtu anayehama anachagua cha kubeba. Wengi kati yenu mnajua uchaguzi huo: sufuria, karatasi za shule za watoto, godoro. Grimm alibeba pia chakula cha ng'ombe ambao bado hakuwa nao.

Mwaka wa 1858 alipanda. Baridi ilipokuja, mimea mingi ilikufa. Angekuwa mtu mwingine angesema basi, tulime mahindi kama majirani. Yeye alingoja ile michache iliyopona ikomae, akachuma mbegu zake, akapanda hizo. Baridi ikaja tena, ikaua tena, lakini safari hii ikaacha zaidi kidogo. Akachuma tena. Alifanya hivyo mwaka baada ya mwaka, bila chuo, bila mradi, bila mshahara wa mtu yeyote. Baridi ndiyo ilimchagulia mbegu, na yeye kazi yake ilikuwa kuokota zilizobaki.

Leo wataalamu wanaeleza kilichotokea. Lusini ya maua ya zambarau ilikuwa imechanganyika na ndugu yake wa maua ya manjano, mmea wa nchi za baridi kali, kwa hiyo ndani ya kifuko kile kulikuwa na mbegu za tabia tofauti. Mimea dhaifu ilikufa, yenye nguvu ikazaa. Baada ya miaka mingi shamba lake lilikuwa na lusini iliyozoea Minnesota. Inasimuliwa kwamba mwaka mmoja wa ukame jirani aliona ng'ombe wa Grimm wamenona, akamuuliza amepata wapi mahindi. Akajibu kwamba hawakula hata punje moja, walikula majani yake tu.

Majirani walianza kuchukua mbegu kwake, wengi wao Wajerumani wenzake, na jambo likabaki kuwa siri ya wilaya moja, Carver. Grimm akafariki mwaka wa 1890. Karibu miaka kumi baadaye mkulima mmoja wa eneo hilo, Arthur Lyman, aliyeona kwamba lusini ya hapo haifi wakati ya kwingine inakufa, alipeleka habari kwa Willet Hays wa kituo cha utafiti cha chuo kikuu cha Minnesota. Watafiti wakaijaribu pamoja na mbegu za nchi nyingine, na ile ya Grimm ikasimama. Kutoka hapo ilienea majimbo ya kaskazini na Canada, na ufugaji wa ng'ombe wa maziwa ukapata chakula cha uhakika. Mwaka wa 1924 watu waliweka bamba la kumbukumbu kwenye shamba lake. Ilikuwa miaka 34 baada ya kifo chake.

Sitaki kuwafanya muamini kwamba mbegu ile ilimaliza kila tatizo. Baadaye ulikuja ugonjwa wa bakteria unaonyausha lusini, na watafiti ikabidi watafute aina nyingine. Lakini kazi ya kwanza, ile ya kuifanya lusini iishi mahali ilipokataa kuishi, ilifanywa na mhamiaji na kifuko chake.

Sasa tuje kwenye vidonge.

Lusini ina shida kubwa mbili ikikaushwa. Ya kwanza ni jani. Protini nyingi iko kwenye jani, si kwenye kijiti. Jani likikauka sana linavunjika, linabaki shambani, na mkulima anabeba vijiti nyumbani akidhani amebeba chakula. Ya pili ni ukubwa wa mzigo. Majani makavu yaliyorundikwa bila kubanwa yanajaza lori zima na uzito wake ni mdogo. Unalipa mafuta ya kubeba hewa.

Katika karne ya 20 wafanyabiashara wa Marekani walianza kusaga lusini kavu kuwa unga, kwa ajili ya kuku, nguruwe na ng'ombe. Unga ule ulikuwa na rangi ya kijani, na rangi hiyo ilibeba kitu kinachogeuka kuwa vitamini A mwilini mwa mnyama. Halafu vikaja viwanda vya kukausha kwa moto: lusini mbichi inakatwakatwa, inaingizwa ndani ya pipa kubwa linalozunguka, hewa ya moto mkali inapita, na kwa dakika chache maji yanatoka bila jani kupotea. Jimbo la Nebraska, kando ya mto Platte, lilijulikana sana kwa viwanda hivyo. Lakini unga unaruka vumbi, mnyama anaupiga chafya, upepo unauchukua. Ndipo wakaanza kuubana kuwa vidonge.

Mashine yenyewe si ya ajabu. Majani makavu yanasagwa kwa nyundo za chuma. Unga unapigwa mvuke ili ulainike. Halafu magurudumu ya chuma yanausukuma kwa nguvu kupita kwenye tundu za bamba nene la chuma, sawa na nyama inavyotoka kwenye mashine ya kusagia nyama. Kisu kinakata urefu unaotakiwa. Vidonge vinatoka vya moto, na lazima vipozwe kabla ya kutiwa mfukoni, la sivyo vinatoa jasho ndani ya mfuko na kuota kuvu. Mita moja ya ujazo ya vidonge inaweza kupita kilo 600. Majani ya kurundika, mita ile ile haifiki hata kilo 100.

Ufaransa, eneo la Champagne, wakulima waliungana kwenye vyama vya ushirika baada ya vita vya pili vya dunia, wakajenga viwanda vya kukausha lusini. Mwaka wa 1973 bei ya mafuta ilipopanda dunia nzima, viwanda vya namna hii viliumia, kwa sababu kukausha majani mabichi ni kuchoma mafuta ili kuondoa maji. Marekani vingi vilifungwa. Wafaransa waliobaki walitafuta njia ya kupunguza moto, na siku hizi wanaacha majani yanyauke kwanza kwenye jua shambani kabla ya kuyaingiza kiwandani. Jua halina bei.

Kuna na upande wa maji, ambao haupendezi sana. Lusini inakunywa maji mengi. Saudi Arabia iliilima jangwani kwa kuvuta maji ya chini ya ardhi, mpaka serikali ikaamua kuizuia kwa sababu maji yalikuwa yanaisha. Kampuni ya maziwa ya nchi hiyo, Almarai, ikanunua mashamba Arizona mwaka wa 2014 ili ilime huko na kusafirisha majani kwa meli. Mwaka wa 2023 gavana wa Arizona alitangaza kufuta mikataba ya ardhi ya jimbo katika bonde la Butler, kwa sababu watu wa huko pia walikuwa wanalalamikia maji yao. Kwa hiyo ukiona mfuko wa vidonge, ujue kwamba bei yake ina majani ndani, lakini ina pia maji, mafuta, meli, lori na barabara. Mama yetu alikuwa anaombwa alipie vyote hivyo kwa ajili ya dende kumi na mbili.

Sasa jibu la swali lake. Kwa maoni yangu, vidonge si kitu cha kukimbilia. Kidonge ni njia ya kusafirisha tu. Kinamsaidia mtu ambaye majani yako mbali naye. Yule mwenye majani karibu anahitaji kukausha vizuri, basi.

Kulima lusini Kivu si jambo lisilowezekana, lakini si kila kilima kinaikubali. Inataka udongo usio na asidi nyingi na usiotuamisha maji. Udongo mwekundu uliochoka wa Walungu na sehemu nyingi za Kabare una asidi, na hapo lusini itabaki ya manjano mpaka ife, isipokuwa umetia chokaa. Udongo wa majivu ya volkano unaweza kuwa na bahati zaidi, ila nashauri mtu aanze na tuta moja dogo, si shamba. Mbegu ni ndogo sana, zinataka udongo uliovunjwa laini na palizi ya mapema, kwa sababu wiki za mwanzo majani mengine yanaimeza.

Anayefanikiwa ajue pia hatari zake. Ng'ombe, mbuzi au kondoo mwenye njaa akiingizwa kwenye lusini mbichi anavimba tumbo na anaweza kufa kwa muda mfupi. Mpe kwanza nyasi za kawaida, au mpe lusini iliyokauka. Kukausha, kata asubuhi umande ukishatoka, tandaza kwenye bashi mahali penye kivuli na upepo, geuza polepole. Majani yanayoanguka yanabaki juu ya bashi, nawe unayakusanya na kuyaweka kwenye gunia. Bashi ndiyo kiwanda chetu. Anayetaka kabisa vidonge anaweza kuchanganya unga wa majani na pumba na uji mzito wa unga wa mihogo, akapitisha kwenye mashine ya mkono ya kusaga nyama, kisha akaanika mpaka vivunjike kwa kelele. Vikibaki na unyevu ndani vitaota kuvu, na kuvu inaua.

Kwa dende kuna neno moja zaidi. Mwili wa dende hautengenezi vitamini C, na kwa hilo anafanana na sisi watu. Ukimlisha vidonge na majani makavu peke yake, atadhoofika na kuvimba viungo hata kama tumbo limejaa. Lazima apate kitu kibichi kila siku. Na aliyekomaa asipewe lusini tupu siku zote, kwa sababu ina kalsiamu nyingi na inaweza kumletea mawe ya kibofu.

Nilimpelekea mama yule majibu haya. Alisikiliza habari za Grimm mpaka mwisho, halafu akauliza swali ambalo sikulitarajia: yule mzungu alikuwa na shamba lake mwenyewe? Nikamjibu ndiyo, alipofika Minnesota alipata ardhi, akaishi juu yake mpaka kufa. Akacheka. Akasema basi yeye alikuwa na miaka ya kungoja.

Ana haki. Lusini ni mmea wa mtu anayejua atakuwa wapi baada ya miaka mitatu. Wahami wengi wanakodi sehemu ya ardhi kwa msimu mmoja, na mwenye ardhi akisikia kuna mpangaji mwingine anawatoa. Kwa mtu wa namna hiyo matembele yanafaa kuliko lusini: unapanda kipande cha mti wake, baada ya wiki chache unakata, watoto wanakula mboga na dende wanakula mabaki, na ukihama unabeba vipande vingine ndani ya kitambaa chenye maji. Majani ya aina ya Desmodium, ambayo wakulima kadhaa wa Kivu ya Kusini wanayajua, nayo yana protini na mtu anaweza kuyapanda kwa vipande vya mti wake. Miti ya kalyandra inataka muda, ila inaweza kusimama kama ua wa mpaka, na mwenye ardhi hakasirikii ua.

Mama amekubaliana na mwenye nyumba apande mstari mmoja wa kalyandra na matembele kando ya uzio. Wamekubaliana kwa mdomo, hakuna karatasi. Ya lusini ameniomba nimtafutie mbegu kidogo tu, zinazoenea kwenye kiganja. Anasema hatazipanda hapa. Atazifunga kwenye plastiki pamoja na karatasi za watoto, azipande siku atakapofika kwao, pale nyuma ya nyumba ambapo ng'ombe wake wawili walikuwa wanalala.